Mgongo Wangu Haukuwa Alama ya Kitu

Mimi ni Zawadi, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kabla ya kuugua nilikuwa nikibeba gunia la mahindi kichwani mpaka sokoni, na sikumwomba mtu anitue.

Kisha mgongo ukaanza kuuma, hasa usiku. Jasho lilinitoka mpaka shuka likawa la kukamua. Nikakonda. Katikati ya mgongo pakaota nundu, nikawa natembea nimeinama kama anayetafuta sindano. Jirani yangu Bahati, mchoraji, aliniomba nikae anichore. Nilikaa, maana kusimama kulikuwa kumenishinda.

Picha ikapendwa. Mtaalamu mmoja wa sanaa, mwenye kalamu tatu mfukoni, akawa anawafafanulia wageni waliokuja kuitazama: nundu ni mzigo wa ukimbizi, rangi ya majivu ni simanzi, kichwa kilichoinama ni Afrika. Afrika nzima, juu ya shingo yangu!

Nikamwambia, "Baba, miye ni mugonjwa. Mugongo inaniuma."

Akatabasamu. "Ndiyo, mama. Sote tunaumwa."

Mpumbavu na kalamu zake. Akanipeleka kwenye kikundi cha ushauri, tukae duara tulie. Nililia wiki sita. Miguu ikafa ganzi, nikaanza kujikojolea bila kuhisi. Washauri wakaandika kwamba naendelea vizuri.

Picha ikapelekwa kwenye maonyesho Mbarara. Huko mke wa askari mmoja, aliyewahi kumuuguza dada yake kwa maradhi kama yangu, aliitazama akamkatiza mtaalamu: "Wacha hiyo maneno! Hii si huzuni, hii ni TB ya mgongo. Huyu mama iko wapi?" Bahati akamwelekeza. Kesho yake alinifuata kwa gari la kukodi.

Daktari wa Mbarara alipiga picha ya mifupa, akasema, "Ungechelewa mwezi mmoja, mama, usingetembea tena." Nilimeza vidonge mwaka mzima. Mkojo ulikuwa mwekundu kwa dawa hizo, tumbo lilichafuka, lakini miguu ilirudi, kidole kimoja kimoja.

Namshukuru Mungu, na yule mke wa askari. Nawe ukiumwa mgongo usiku na jasho likikutoka, nenda ukapimwe. Anayekwambia ni mawazo tu, mwache na mawazo yake.

Juzi nilikwenda kuiona ile picha. Mtaalamu alikuwa akiwaambia wageni, kwa sauti ya msibani, "Mwanamke huyu hatainuka kamwe. Hiyo ndiyo maana ya kazi hii." Nikasogea mpaka mbele yake. Hakunitambua.

"Mama, pisha kidogo," akasema, "unawazibia wageni."

Nikapisha, kwa miguu yangu.