Fulskepu Iliyokunjwa Mara Mbili

Miaka ile karatasi ziliadimika Kampala kama sukari na sabuni. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, na maduka yao wakapewa watu tuliowaita mafuta mingi, matajiri wa ghafla. Wengi wao hawakujua hata mlango wa stoo unafungukia wapi. Katika duka moja la uchapaji alibaki fundi Mkenya, mtu mrefu mwenye miwani, kwa sababu bila yeye mashine isingewaka.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichokuwa lugha yetu nyumbani. Nilishabeba ndizi sokoni Kalerwe, nikafagia gereji Ntinda, sikudumu popote. Kwenye lile duka niliingia kuuliza tu ile mashine inakula nini.

"Inakula karatasi, bwana mdogo," fundi akasema. "Ila siku hizi inalala njaa."

Kesho yake nikampelekea katuni zangu. Nilikuwa nimechora juu ya chochote kilichopatikana: migongo ya kalenda, mifuko ya saruji, boksi la viatu lililopasuliwa. Akazipanga mezani moja moja, akacheka mpaka akavua miwani.

"Huu ukurasa mkubwa kama tembo, huu mdogo kama panya. Nitawaoza vipi hawa?"

Akatoa karatasi moja ya fulskepu, inchi nane kwa kumi na tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikipatikana, kwa sababu maofisi ya serikali hayakuweza kuishi bila hiyo. Akaikunja katikati. Ikawa fupi na pana, kama mtu aliyekandamizwa kichwani. Akaikunja tena, na umbo la mwanzo likarudi, dogo tu, la kutosha mfuko wa shati. Jioni ile nilikunja na kukunjua ile karatasi mpaka ikakatika kwenye mkunjo. Darasani hakuna aliyewahi kunionyesha kitu kama hicho.

Tukakubaliana. Kila ukurasa ningeuchora kwenye fulskepu nzima. Kamera ya dukani ingepunguza picha nusu kwa nusu, kurasa nne zikae upande mmoja wa karatasi, nne upande wa pili, na kitabu kiwe na kurasa nane. Akanionya juu ya maneno. "Yatapungua pamoja na picha. Andika kama unamwandikia bibi asiyeona vizuri." Pembeni niache nafasi tupu, kwani mashine hushika karatasi kwa meno na haichagui inapouma.

Hadithi yangu ilikuwa ya mama muuza ndizi aliyepotelewa na mbuzi sokoni. Ukurasa wa tano polisi anatokea, kofia imenyooka, filimbi mdomoni, anasaidia kumtafuta. Ukurasa wa nane mama anapika chungu kikubwa cha chakula kumshukuru. Polisi huyo nilimchora kwa heshima zote. Sikuwa mjinga, nilijua naishi wapi.

Fundi naye alijua. Mwaka ule Wakenya walikuwa wanachukuliwa na askari wasirudi, wengine mitaani, wengine vitandani mwao. Mkewe alimwambia kila siku wafunge mizigo warudi kwao ng'ambo ya mpaka. Alishakubali. Alikuwa amebakiza kukabidhi funguo za duka na kumaliza kitabu changu.

Tulichapa mchana, kwa ruhusa ya mwenye duka, kwenye karatasi zilizobaki kutoka kazi nyingine. Wino ulichelewa kukauka. Karatasi yenye wino mbichi ukiikunja inachafuka, kwa hiyo fundi akazibana zikiwa bapa kati ya mbao mbili nyembamba, akafunga kamba, tukaondoka kwa miguu kwenda kuzikunja kwake Kyebando.

Kabla ya Kalerwe tulikuta magogo barabarani na askari watatu. Mmoja, kijana, akafungua kamba.

"Nini hii?"

"Katuni, afande. Ya watoto."

Akaitazama karatasi ya juu. Akaendelea kuitazama. Kisha akamwita mwenzake.

"Kuja ona. Watu hii napika polisi."

Nikainama niangalie, na ndipo nilipoziona kurasa zangu zote pamoja kwa mara ya kwanza. Ili kitabu kikikunjwa kila ukurasa usimame, mchapaji huzipanga kurasa za juu zikiwa kichwa chini. Nilielezwa, nikaelewa, lakini nilikuwa nimechora kila moja peke yake. Sasa ukurasa wa tano ulikuwa umepinduliwa juu ya ukurasa wa nane, vichwa vyao vikigusana. Polisi wangu alikuwa anaangukia ndani ya chungu, kofia ikitangulia, na moshi wa chakula ukimpanda usoni.

"Si hivyo, afande," nikasema. "Ukikunja, polisi anasimama."

"Na kama sikunji?"

Wenzake wakacheka. "Basi kunja," akasema.

Nikakunja mara mbili. Polisi akasimama, chungu kikaenda nyuma ya kitabu. Askari akajaribu kufungua, kurasa zikakataa, maana bado hatukuwa tumezikata kwa juu. "Mbona nafunga ndani? Naficha nini?" Akaingiza kisu cha bunduki, akachana. Akafunua, akafunua, akamwona mbuzi, na nikaona shavu lake linataka kutabasamu. Nikadhani tumepona.

Yule mwenzake aliyeitwa, mkubwa wao, alikuwa bado ameshika karatasi nyingine bapa.

"Nani aliweka huyu kichwa chini?"

Nilifungua mdomo. Fundi akawahi.

"Mimi. Huyu anachora tu. Kupanga kurasa ni kazi yangu. Vitabu vyote vinapangwa hivyo, afande, hata Biblia."

"Eh! Na Biblia ulipindua?" Wakacheka tena. "Wewe mtu ya wapi?"

"Kenya."

"Ahaa."

Hawakuuliza zaidi. Gari dogo lilikuwa limeegeshwa chini ya ukingo wa barabara. Wakafungua buti la gari. Fundi alivua miwani, akaitia mfukoni, akaingia mwenyewe bila kusukumwa. Kwa urefu wake, magoti yalimfika kidevuni. Kifuniko kikashushwa, kikakataa, kikashushwa tena.

Nikataka kusogea. Yule kijana akanisukumia mbao na karatasi zote.

"Wewe kunja zote. Sisi nataka soma."

Nikakaa juu ya gogo, nikakunja. Wino ulinipaka vidole. Walisoma wamesimama, wakisukumana mabega. "Mama hii mjinga! Mbuzi iko nyuma yake!" Walicheka pale pale nilipotumaini watu watacheka. Kila nilipotaka kuinua kichwa, mmoja alininyooshea mkono apewe nakala yake nyingine, ya ndugu, ya mtoto.

Zilipokwisha wakaniambia niende. Nikaenda Kyebando kumwambia mke wa fundi. Hakulia. Alikuwa ameshachukua kitambaa cha kichwa, anataka kutoka kumtafuta. Aliniuliza jambo moja tu: gari lilielekea upande gani, mjini au Bombo, kwenye kambi ya jeshi?

Lilipoondoka nilikuwa nimeinamia karatasi, napima mkunjo usiende upande.