Isale la Baba

Siku moja kabla sijaondoka, baba aliniita nyuma ya nyumba, kwenye masale yaliyoota kando ya kaburi la mama. Alikata jani moja, akalifunga fundo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ukifika kwenye hija huko Fatima, mpelekee Mama Maria," akasema. "Mwambie limetoka kwangu."

Niliduwaa. Kwetu Uchaggani, ukimkosea mtu kosa zito huendi mwenyewe. Unamtuma mtu na jani la isale, na aliyekosewa akilipokea, basi amesamehe; akikataa, hulirudisha. Nimeona masale yakipita kati ya ndugu waliogombania mpaka wa kihamba, shamba la urithi, na kati ya mkwe na mkwe. Kumpelekea Mungu, hilo sijawahi kuliona.

Ila sababu niliijua. Baba alikuwa mwimba besi wa kwaya. Mama alipougua, alisali novena juu ya novena. Siku ya mazishi, mbele ya padre na majirani, alimtamkia Mungu maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika, na tangu hapo hakukanyaga kanisani. Jumapili kengele ikilia, yeye yuko zizini anasafisha, na ndoo zinagongana kuliko kazi inavyohitaji. Nilimwonea huruma. Pia alinikera, maana mama alikuwa wetu sote, na sisi tuliendelea kusali.

"Baba, si umwambie Mungu mwenyewe?" nikamuuliza.

"Nitaanzia wapi? Mpelekee mama yake. Yeye atajua namna ya kumwambia."

Tulikuwa vijana wa parokia, safari yetu ya kwanza nje ya nchi, na tuliimba ndani ya ndege mpaka mhudumu akatuomba tuwahurumie abiria wengine. Jani nilikuwa nimelikunja ndani ya kitenge. Tulipotua Ureno, iliko Fatima, ofisa wa forodha akafungua begi langu, akaliona, akatikisa kichwa. Mimea haiingii. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha shule kwamba hiyo si mboga, ni radhi ya baba yangu. Alinisikiliza kwa upole, kisha akalitupa kwenye pipa. Nililia hadi wenzangu wakadhani nimepoteza pasipoti.

Tulipangiwa kulala majumbani mwa waumini. Mimi nilipewa kwa bibi mmoja mchangamfu aliyeishi peke yake, na sebuleni kwake, pembeni ya televisheni, ndani ya chungu cha maua, lilikuwa limesimama isale. Isale kabisa! Kwetu mbuzi analikanyaga akipita. Huku linakaa na wageni na kufutwa vumbi. Nilicheka peke yangu, halafu machozi yakaanza tena.

Bibi akaniletea simu yake inayotafsiri. Nikaongea nayo kwa Kiingereza, nikamweleza habari ya isale, ya mama, ya baba na maneno yake siku ya mazishi. Alisoma taratibu, akarudia kusoma. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mkasi, akaniashiria nichague jani mwenyewe.

Kesho yake, pale Fatima, niliweka jani lile chini ya sanamu, katikati ya maua ya watu. Nilisema kwa Kichagga, kwa kuwa baba yangu hajui kuomba radhi kwa Kiswahili. Nikataja jina lake na jina la mama. Halafu nikasubiri, maana anayetumwa na isale sharti arudi na jibu. Sikusikia chochote. Mahujaji walikuwa wengi nyuma yangu, nikawapisha.

Niliporudi, baba alinipokea uwanja wa ndege kwa gari la kuazima. Hakugusa hata begi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Amepokea?"

Nilimweleza yote tukiwa njiani: la kwake lilivyotupwa, nilivyokata jingine sebuleni kwa mtu.

"Wanalifuga ndani ya nyumba?" akasema. "Kama paka?"

"Na wanalifuta vumbi, baba."

Alicheka kidogo. "Sasa, jibu?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa tangu Fatima. Ningeweza kumtungia jibu tamu, na angeniamini. Lakini nampenda baba yangu, nikashindwa kumdanganya.

"Hakusema kitu, baba. Nililiweka, nikangoja, nikaondoka."

Tulipita mji wa Bomang'ombe. Wachuuzi walituonyesha ndizi dirishani, wala hakuwatazama. Nilishaanza kujilaumu kwa kusema kweli.

"Hakukurudishia?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa hiyo liko kwake mpaka sasa."

"Liko kwake, baba."

Alishika usukani kwa mikono miwili, akakohoa kusafisha koo.

"Siku hizi," akasema, "misa ya kwanza ni saa ngapi?"