Mama Alishuka Basi Jua Likizama

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Jina langu achaneni nalo. Jueni tu kwamba mimi ni mwanaume mzima, nina duka Suna hapa Migori, na nusura nimuue mama yangu kwa sababu ya friji!

Dada yangu anaishi Ujerumani. Mwaka jana alimwalika mama likizo ya wiki tatu mwezi wa Desemba. Mama ni mjane wa Kendu Bay, Msabato wa kufa na kupona, na maisha yake yote hajawahi kupita Kisumu. Dada alinitumia pesa ya ndege ya moja kwa moja inayotua Alhamisi mjini kwake. Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi tu, jamani!

Nikakaa dukani na simu nikilinganisha bei. Nikaona ndege nyingine ya bei nafuu inayotua nchi jirani na Ujerumani Ijumaa asubuhi, halafu unapanda basi mchana kutwa hadi kwa dada. Tofauti ya bei ingeninunulia friji ya soda. Nikajiambia basi ni basi, mama amepanda mangapi?

Mama aliniuliza swali moja: "Nyathina, mwanangu, sabato itaingia nikiwa wapi?"

Jua likizama Ijumaa, mama hasafiri wala hanunui kitu mpaka lizame Jumamosi. Nilimjibu bila hata kuinua macho: "Basi linafika saa kumi na mbili jioni, Mama. Jua linazama na nusu. Utapata hata nafasi ya kuoga." Akacheka, akaniamini.

Dada nilimficha. Nilimwandikia ndege ikiwa imeshapaa, kwamba amsubiri mama stendi ya mabasi Ijumaa jioni. Alinipigia papo hapo akipiga kelele.

"Basi? Umeweka mama kwa basi? Wewe, huku Desemba jua inazama saa kumi! Saa kumi, unaskia?"

Mimi nimezaliwa huku. Jua letu huzama saa ile ile mwaka mzima. Haki ya Mungu sikujua kuna mahali linazama watoto wakiwa bado shuleni! Na mimi namjua mama: jua likizama, hata basi likiwa njiani atashuka.

Simu yake haikushika mtandao wa huko, na dada asingewahi kufika kule ndege ilikotua. Hatukuwa na la kufanya ila kusubiri. Ijumaa hiyo wateja niliwarudishia chenji isiyo sahihi. Basi likafika kwa saa yake, na mimi nikapata ujumbe wa dada: "Sanduku imefika. Mama hajafika."

Koti lake zito lilikuwa ndani ya hilo sanduku, pamoja na dawa zake za presha!

Dereva alimweleza dada kwamba walisimama kituo cha mafuta watu waende choo. Mama alishuka, akaangalia juu, akakataa kurudi ndani. Walimwita, wakamshika mkono, lakini lugha hawakuelewana. Akaketi kwenye benchi, basi likaondoka.

Dada alirudi barabara ile ile na gari lake. Nilimpigia, hakushika. Niliomba, mimi niliyeacha kanisa zamani! Nilijikuta nikiwaza nitawaambia nini watu wa Kendu Bay maiti ikifika, nikajichukia kwa kuwaza hivyo.

Dada alimkuta palepale nje kwenye benchi, theluji imerundikana magotini, akiimba kwa midomo iliyokufa ganzi. Ndani ya kituo kulikuwa na joto. Mama alidhani ukiingia lazima ununue kitu, na sabato ilikuwa imeshaanza.

Likizo yake yote aliimalizia kitandani hospitalini, mapafu yamevimba. Ulaya aliyoiona ni ya dirishani. Alirudi na kikohozi ambacho mpaka leo hakijamwacha.

Nilipiga magoti nikamwambia kila kitu, friji na yote. Akasema, "Nimekusamehe, nyathina." Nikadhani yameisha.

Juzi nilimpeleka Oyugis kumwona shangazi. Akaniuliza tutafika saa ngapi, nikamwambia saa tano. Akashukuru vizuri. Kisha akatoa simu yake akampigia jirani, mimi nikiwa nimeketi kando yake: "Hebu niambie, mtu akitoka Kendu Bay sasa hivi, Oyugis anafika saa ngapi?"

Ninyi mnaopangia wazazi safari za mbali, nawasihi, bei iangalieni mwisho! Ulizeni kwanza kuna baridi gani, atashukia wapi, na jua la huko linazama saa ngapi. Mama yangu yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini saa haniulizi tena mimi peke yangu.