Viatu Chini ya Kiti

Fundi viatu wa nyuma ya soko, hapa Yerevan, huongea misumari ikiwa mdomoni. Akikasirika tu ndipo huitoa, mmoja mmoja. Rafuni kwake pana ubao wa sataranji ambao hakuna mwenye ruhusa ya kuupangusa. Kete zimekaa vilevile tangu mwaka jana, siku Arshavir wetu alipompa bingwa wa dunia mkono na kukubali kushindwa, katika mchezo ambao fundi anaapa ulikuwa sare.

Leo Arshavir na bingwa wanarudiana. Asubuhi mtangazaji wa redio alikuwa amekaa na soksi, akisubiri visigino vya viatu vyake vigongwe, anacheka. "Mzee, kijana wetu anaenda kuchapwa tena. Saa nne natangaza hivyo hivyo."

Misumari ikatoka. Fundi akasukuma viatu chini ya kiti chake, akashusha ubao, kete zikiwa palepale. "Haya, wewe ndiye bingwa, mimi Arshavir. Nishinde, uvae uende zako."

Mtangazaji akamkimbiza mfalme wa fundi kona hadi kona, nyayo zikimganda kwa baridi ya sakafu. Saa nne ikapita. Redio ya duka la jirani ikawa inapiga muziki mtupu.

"Sare," akanong'ona.

"Sijasikia," fundi akasema, viatu bado vikiwa chini ya kiti chake. "Sema kwa ile sauti ya redioni."