Waliponitaka Nimtaje

Mimba yangu ya kwanza haikunisumbua. Nililima nayo, nikatwanga nayo, nikachota maji nayo. Taabu ilianza siku uchungu uliponishika, nyumbani kwa mama yangu huko Mbekenyera. Jua lilizama, likachomoza tena, na mtoto hajatoka. Nami nilikuwa kigori wa juzi tu, nimetoka unyagoni moja kwa moja nikaolewa.

Siku zile kwetu uchungu ukikawia, watu walikuwa na sababu yao tayari: mwanamke ametembea nje ya ndoa, na mtoto hatoki mpaka huyo mwanamume atajwe. Bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyekuwa akinizalisha, aliacha kunikanda akakaa kitako mbele yangu.

"Mjukuu wangu, mtaje."

"Nimtaje nani, bibi?"

"Huyo huyo unayemjua."

Mume wangu alikuwa Nachingwea, kibarua kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, aking'oa visiki, nyumbani anakuja kwa nadra. Mke kijana, mume mbali, basi wakaona hakuna cha kuuliza zaidi. Kama yeye huko kambini alikuwa na mtu, loo, hakuna aliyetumwa kwenda kumwuliza! Mimi sikuwa na mtu. Naapa mpaka leo, sikuwa na mtu.

Hospitali ilikuwapo huko huko Nachingwea. Asubuhi ile lori la mwenye duka lilikuwa limesimama dukani, linapakia mahindi ya kuwalisha vibarua. Mama akasema, "Tumpeleke jamani, gari lipo." Bibi akakataa. Nikipelekwa sijataja, alisema, nitafia njiani. Mjomba, ambaye ruhusa ilikuwa yake, akajibu akiwa nje, "Ataje kwanza, ndipo twende." Hawakuwa watu wabaya. Bibi alikuwa ananiuliza huku analia, akiamini kabisa kwamba ananiokoa.

Mama mdogo akaniinamia sikioni. "Taja yeyote, mwanangu. Taja hata aliyekwisha kufa, tuondoke hapa."

Ningeweza. Lakini hasira iliyonipanda, wee! Kiuno kinapasuka, koo limekauka, na watu walionilea wananigeuza malaya mbele ya majirani! Nikapiga kelele, "Sina! Hata mkiniua, sina!"

Bibi akawageukia wenzake. "Mnaona anavyoficha?"

Mara tukasikia lori linawashwa. Mama akatoka mbio akipunga kanga, akaliita, akalifukuza. Lilikuwa limekwisha kushika barabara ya Ruangwa, na dereva hakumwona kwa vumbi.

Mchana nikaanza kuweweseka, nikizungumza na watu wasiokuwapo. Hapo ndipo mjomba alipoogopa. Wakanilaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wakanibeba mabegani wakipokezana mpaka Ruangwa, na huko wakamsihi mwenye gari jingine anifikishe Nachingwea. Safari ile siikumbuki vizuri. Nakumbuka mkono wa mama umeshika mguu wangu.

Daktari alimvuta mtoto kwa vyuma. Alikuwa wa kiume, viungo vyote kamili, na amekufa. Mama akamwuliza muuguzi kama ni kwa sababu ya dhambi. Muuguzi akamwambia, dhambi gani, mama? Nyonga za binti yako ni nyembamba, yeye mwenyewe bado mtoto. Mngemleta asubuhi, huyu angelia. Mama aliporudi nyumbani aliwaeleza, nao wakasema haya ya hospitali ni mageni, mtoto amekufa kwa kuwa mama yake ana roho ngumu.

Mume wangu alikuja kutoka kambini, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono. Alikuja na uji, akaninywesha kijiko kwa kijiko, nami nikafarijika. Nikajisemea, wote wanidhanie, huyu ananijua.

Uji ulipokwisha akanifuta mdomo kwa kiganja chake. Akasogea karibu, wagonjwa wengine wasisikie.

"Mke wangu," akasema, "ungemtaja tu. Mimi nisingekuacha."