Dakika Nne za Mizani ya Pili

Pale posta kuu walimwita Mama Dakika, na yeye hakununa, maana jina hilo ndilo lililomlipa mshahara. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya watu wakiwa kazini, saa ya kubonyeza mkononi, akiandika: kufungua gunia, dakika moja na nusu, kusoma lebo na kuiingiza kwenye kompyuta, dakika mbili, kumtafuta mwenye mzigo kwa simu, dakika tatu, zaidi akiwa mgumu kupokea. Alikulia nyuma ya meza ya viatu vya mitumba ya mama yake, na huko ndiko alikojua kwamba muuzaji asiyejua bei yake ya mwisho hauzi, anaporwa mchana kweupe.

Asubuhi ya kikao cha bei, saa mbili na nusu, aliingia chumba cha ukaguzi cha forodha, ng'ambo ya korido, kuazima stepla. Alikuwa na nakala tisa za maelezo yake za kubana. Ukutani, juu ya meza yenye stepla, palibandikwa jedwali la ada za ukaguzi, karatasi ya miaka mitatu iliyogeuka manjano. Alikuwa ameipita mara elfu. Leo, kwa kuwa stepla ilikwama na ikabidi aipigepige, macho yake yalitua kwenye mstari wa tatu: kufungua, kukagua, kupima uzito upya, kufunga.

Kupima uzito upya.

Mkono uliokuwa ukipiga stepla ulisimama hewani.

Mambo yalikuwa hivi. Kifurushi cha haraka kinachotoka nje kimeshalipiwa huko kilikotumwa, na posta ya huko huigawia posta ya hapa sehemu kidogo kwa kazi ya kukifikisha. Sehemu hiyo ilikuwa haitoshi tena, kwa hiyo posta iliomba ruhusa ya kumtoza mpokeaji ada ya mapokezi. Lakini mpokeaji hana pa kwenda. Mzigo wake uko dirisha lile na si jingine. Ndiyo maana sheria iliipa Mamlaka ya Bei kazi ya kupanga ada hiyo: gharama halisi na faida kiduchu, basi. Na gharama halisi ilihesabiwa kwa dakika za mikono ya watu. Mama Dakika ndiye aliyezipima. Alipata kumi na tisa kwa kila kifurushi.

Ndani ya hizo kumi na tisa, nne zilikuwa za mizani ya pili. Dirisha lao lilikuwa na desturi yake: kifurushi hupimwa kikitoka guniani, na hupimwa tena kikirudi kutoka forodha, tangu siku mpokeaji mmoja alipodai simu yake imeyeyukia mikononi mwa wakaguzi. Mizani hiyo ya pili ilishikwa na watu wawili kati ya saba wa dirisha. Mmoja alikuwa mama mtulivu aliyeandika daftari la uzito. Wa pili alikuwa shemeji yake Mama Dakika, mdogo wa mume wake, ambaye hata mkewe alimwita Mizani. Mama Dakika alipima mikono yao kwa sababu mikono ilikuwa ya dirisha lake. Hakuwahi kuuliza nani anailipia. Kumbe mpokeaji alishailipia forodha, mwaka wa tatu huu.

Meneja alikuwa akifunga tai mbele ya kioo cha kabati.

"Meneja, zile kumi na tisa ni kumi na tano."

"Leo ndiyo siku ya utani?"

Akamweleza. Meneja aliusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

"Nani mwingine ameiona hiyo karatasi?"

"Iko ukutani, Meneja. Kila mwenye macho."

"Wewe una macho na hukuiona miaka mitatu. Sasa sikiliza. Unawajua Mamlaka. Sisi tunataja yetu, wateja wanataja yao, wanakata katikati. Wateja wanasema sita. Kumi na tisa na sita, katikati ni kumi na mbili na nusu. Tunapumua. Ukisema kumi na tano, katikati ni kumi na nusu. Na bodi imeshasema, chini ya kumi na mbili dirisha linafungwa, kazi anapewa mkandarasi. Watu saba, na wewe wa nane, na mimi wa tisa. Tutakwenda kuuza viatu."

"Mimi kuuza viatu najua. Wewe ndiye utakayepata tabu."

Meneja hakucheka. "Sema kumi na tisa."

"Anayekula kiapo ni mimi. Wakiliona jedwali lile, wanayakataa maombi yote. Hapo hatupati hata hiyo kumi na nusu."

"Na wasipoliona?"

Mama Dakika alibeba nakala zake akatoka. Ngazini akakutana na shemeji yake akipanda na gunia begani.

"Shemeji, leo tupiganie. Kaka anasema jana umekula wali bila mchuzi na hukugundua."

"Peleka gunia, Mizani."

"Naona bibi mkubwa ana hasira. Ndiyo vizuri. Uwaume."

Alimpisha bila kumtazama usoni.

Ukumbi wa kikao ulikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lilelile. Meza ya mbele walikaa watu watatu wa Mamlaka, na katikati yao Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Upande wa wateja alisimama fundi saa mmoja mwembamba, aliyeagiza springi na vioo kutoka nje mwaka mzima. Alizungumza kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko kelele.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimesimama dirisha lile mara arobaini, na kila mara nilishika saa. Tangu natoa kitambulisho mpaka nakabidhiwa mzigo, dakika sita. Kazi yangu ni saa. Sikosei saa."

Watu wa nyuma walipiga makofi. Mwenyekiti aliwanyamazisha kwa kidole, kisha akamwita Mama Dakika. Aliapishwa. Kitambaa cha meza kilikuwa cha kijani, kimetobolewa na sigara ya zamani. Alikikazia macho hicho.

"Maelezo yako yanasema dakika kumi na tisa. Unayathibitisha?"

Meneja, kwenye kiti cha mbele, alikohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu na kirefu, na kila mtu mle ndani angeweza kuapa ni vumbi. Nne zile zilikuwa mdomoni mwa Mama Dakika kama jiwe.

"Hapana, Mheshimiwa. Karatasi imekosea. Nne kati yake zinalipiwa na mpokeaji kule forodha tayari. Nimeliona leo asubuhi. Zilizo zetu ni kumi na tano."

Kalamu ya Meneja ilisimama. Fundi saa akainuka taratibu.

"Mheshimiwa, kama nne zimepatikana kabla ya chai, tukivumilia mpaka saa saba zitapatikana nyingine."

Ukumbi ulicheka. Mama Dakika hakuwatazama, alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amevuta kipande cha karatasi, akaandika kumi na tano, chini yake sita, na kati ya hizo akachora mstari. Mama Dakika aliujua mstari ule. Wateja wa mama yake waliuchora hewani kwa vidole kila siku ya Mungu: hebu tukutane katikati, mama. Na mama yake alikuwa na dawa moja tu ya katikati, nayo ni kumpa mteja kiatu akivae.

"Mheshimiwa, naomba nimuulize fundi swali moja."

"Uliza."

"Fundi, nikikuletea saa yangu, ukashinda nayo ndani mpaka jioni, halafu ukanikabidhi kwa dakika moja, nikulipe ya dakika moja?"

"Utanilipa ya kazi."

"Hata kama kazi sikuiona?"

Fundi saa alikuna kidevu. "Hata kama hukuiona."

"Basi wewe njoo uione ya kwetu." Akamgeukia Mwenyekiti. "Vifurushi vitatu, avichague yeye. Saa ashike yeye, ya kwake. Mimi nitasimama nje ya mstari wa manjano wa chumba cha kazi na mdomo nitaufunga. Zikizidi kumi na tano, ziada siidai. Zikipungua, andikeni hizohizo zilizopungua. Ninachoomba ni kimoja. Kitakachopatikana kisikatwe katikati."

Wale watatu waliinamiana. Meneja alimnong'oneza bila kugeuza shingo: "Umetuuza na kamba juu."

"Wewe unasemaje?" Mwenyekiti alimuuliza fundi saa. "Unakubali?"

"Nakubali. Vitakuwa vyepesi, nitachagua mimi."

Walishuka wote. Chumba cha kazi nyuma ya dirisha kilikuwa kirefu na chembamba: magunia ukutani, mizani ya kwanza, kompyuta mbili, mlango wa forodha, mizani ya pili, rafu. Mama Dakika alisimama nje ya mstari wa manjano, mikono nyuma. Palepale aliona kosa la mpango wake. Hakuruhusiwa kusema, na watu wake hawakujua kwamba wakiharakisha wanajipunguzia dakika. Dada wa lebo, mmoja wa wale saba, alipowaona wakubwa watatu na miwani yao alijinyoosha, akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kukimbia.

Maana ndivyo walivyokuwa. Mama Dakika mwenyewe walimfanyia kazi kwa mwendo wa kawaida, lakini mgeni mwenye tai waliona haya kumfanyia polepole. Dada alilipasua gunia, akasoma lebo kwa sauti kama mnadani, kompyuta ikalia ti ti ti, mwenye mzigo akapokea simu mlio wa kwanza. Forodha nao, ambao dakika zao fundi hakuzihesabu, walifungua na kufunga kama wanafukuzwa. Kifurushi kilipofika mizani ya pili fundi saa akainua mkono.

"Na hapa nasimamisha saa."

Shemeji alimtazama. "Kwa nini mimi nasimamishiwa?"

Alimtazama Mama Dakika, na Mama Dakika, mwenye mdomo uliofungwa kwa ahadi, aliangalia sakafu. Shemeji aliweka kifurushi kwenye mizani, akakipima, akakitoa.

"Kumi na moja na sekunde hamsini," alisema fundi saa.

Chini ya kumi na mbili. Dada wa lebo alimkonyeza Mama Dakika kwa fahari. Viwili vilivyobaki vikienda hivyo, jioni dirisha lina kufuli, na aliyeliweka ni yeye.

Fundi alichagua cha pili, bahasha nene ya plastiki. Dada alikimbia nayo mpaka kwenye simu. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Mara ya tatu ikapokelewa, na sauti ya bibi kizee ikajaa chumba.

"Nani?"

"Posta, mama. Una kifurushi chako."

"Sijaagiza kitu."

"Umeletewa. Kimetoka kwa mwanao."

"Mwanangu yupi?"

"Ana wangapi huyu," alinong'ona mmoja wa Mamlaka.

"Mama, nisomee namba ya kitambulisho nihakikishe ni wewe."

"Ngoja nitafute miwani. Usikate."

Miguu ikasikika ikiburuzwa, mlango, droo, droo nyingine. Chumba kizima kilisimama kikimsubiri bibi ambaye hakuna aliyemjua. Dada wa lebo alikuwa tayari kukimbia na hakuna pa kukimbilia. Fundi saa alitazama sahani ya saa yake, kisha simu, kisha saa tena.

"Kumi na sita na sekunde ishirini," alisema baadaye, polepole.

Cha tatu anwani yake haikuwa na namba ya nyumba, imeandikwa tu mkabala na karakana ya magodoro, na karakana za magodoro mjini zilikuwa tatu. Dada akatafuta kwenye kompyuta, akamuuliza dereva, akapiga simu mbili. Alikuwa amechoka kukimbia. Dakika kumi na tano kamili.

Mwenyekiti alijumlisha na kugawa kwa tatu akiwa amesimama, karatasi juu ya gunia. Akamwonyesha fundi saa. Fundi alihesabu mwenyewe mara mbili, akatikisa kichwa kukubali.

"Kumi na nne na sekunde ishirini na tatu," alisema Mwenyekiti. "Tutaandika kumi na nne. Bila kukatwa."

"Hizo ishirini na tatu utatudai?" fundi saa alimuuliza Mama Dakika.

"Nakuachia. Kanywe nazo chai."

Wageni walipopanda juu, Meneja alibaki. Alilegeza tai.

"Dirisha limepona. Lakini ada imelipia watu watano. Wale wawili wa mizani hawana dakika. Na mmoja ni shemeji yako. Mwambie mwenyewe."

Mama Dakika hakwenda kwa shemeji. Alivuka korido mpaka kwa mkuu wa forodha, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Miaka mitatu mnatoza kupima uzito upya. Anapima nani?"

Mkuu alitazama jedwali, kisha dirisha. "Mnapima ninyi."

"Mnalipwa ninyi. Mamlaka leo wamelisikia hilo kwa kiapo, liko kwenye kumbukumbu zao. Wakija kuuliza, ni vizuri wakute watu wa mizani wako upande wako. Nakupa wawili, wameshafundwa."

"Sina nafasi ya wawili. Mmoja, mwezi ujao."

"Wawili, Jumatatu."

"Mama Dakika, usinikabe koo. Mmoja, Jumatatu."

Mmoja ndiyo ilikuwa bei ya mwisho ya Mama Dakika, na alikuwa ameshaipata. Hakuinuka.

"Magunia yanashuka asubuhi. Asubuhi mtu mmoja atapima na kuandika kwa mkono upi?"

Mkuu alipumua kwa nguvu. "Wa pili asubuhi tu. Mchana simjui."

Alimkuta shemeji akifuta sahani ya mizani kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Mwandishi wa daftari anahamia forodha siku nzima," alisema. "Mwandiko wake wanauhitaji. Wewe ni asubuhi. Mchana utambebea kaka yako mabomba kwenye kazi zake za maji, amekuwa akilalamika hana mtu."

"Nusu mtu."

"Nusu."

"Aliyepanga ni wewe?"

"Ni mimi."

Shemeji alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Kaka anajua?"

"Bado."

"Basi leo utaingia nyumbani wewe kwanza. Mimi nitakuja nyuma yako, kwa mbali."