Ringi ya Pili

Uwanja wa basketi wa shule yetu ya sekondari, pale Mkuza, ulikuwa na ringi moja tu. Ya pili ilianguka kabla sijafika. Kwa hiyo mazoezini timu zote mbili tulitupia hapohapo, tukajua ndiyo basketi yenyewe.

Tulishafungwa mechi tano mfululizo. Mkuu wa shule akatuambia, "Mkifungwa na Kisarawe, hiyo nguzo naing'oa, napanda mihogo."

Kisarawe kulikuwa na ringi mbili. Baada ya mapumziko tukabadilishana upande. Zimebaki sekunde chache, tunaongoza kwa pointi moja, mpira ukaniangukia mimi. Ringi hii hapa karibu! Nikatupia, ukazama, nikakata na mauno. Nikashangaa Kisarawe nzima inashangilia pamoja na mimi.

"We fala, hiyo ringi ni yetu!" kapteni wetu akanifokea, machozi yanamtoka.

 Njia nzima ya kurudi, mimi mropokaji niliwaza kuacha shule.

Jumatatu tukakuta shimo tu, nguzo hakuna. Kapteni akaliangalia weee, halafu akaniangalia mimi.

"Haya, mchekeshaji. Sasa tutupie wapi?"

Nikaenda nyuma ya jiko la shule, nikaokota ndoo mbili zilizotoboka chini. Moja nikaifunga kwenye mkorosho wa huku, nyingine kwenye mkorosho wa kule.

"Ile ya kwao, hii yetu," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Kapteni akanirushia mpira kwa hasira.

"Rudia. Ya kwao ipi?"